Mgongo wa Kijivu

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, natumaini hujambo. Farasi wa mashindano nimewakuta wamenipangia foleni kama wateja wa kinyozi, kila mmoja na bega lake la kulalamikia.

Jana ulipojilaza nilimkanda Kijivu. Baba, huyo farasi wako raha tupu! Nilipomshika shingo alilegeza mdomo, akapiga miayo. Lakini nyuma ya tandiko, upande wa kulia, misuli imekaza kama ubao. Kushoto ni laini. Hapa kazini nikikuta mgongo wa namna hiyo namtafuta anayempanda, maana anakaa ameegemea upande mmoja. Baba, nyonga yako ya kushoto ina nini?

Mwanao Mkandaji

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kama chuma. Tatizo ni tandiko, limechakaa, nitanunua jipya. Nilikusomesha ukande farasi, sasa umeanza kunipima na mimi! Kijivu anakusalimu. Kila asubuhi nampanda tunazunguka shamba, namsimulia habari zangu. Yeye hanikatizi kama wewe.

Baba yako

30 Machi

Baba,

Shikamoo. Fundi wa kwato amenipigia simu. Usimgombeze, nilimwomba mimi. Anasema tandiko ni jipya, lakini Kijivu bado anashtuka akiguswa kulia. Na wewe siku hizi unapanda juu ya matofali ndipo umfikie, huku umeuma meno.

Najua unachoogopa. Daktari akikukataza kupanda, utazungumza na nani asubuhi, tangu mama aondoke? Lakini mama naye alituambia hajambo mpaka siku ile. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nakupenda, baba. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, ila nenda hospitali. Na kama hujionei huruma, mwonee Kijivu. Maumivu yako anayabeba yeye.

Mwanao

26 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Najua ulidhani nimenuna. Kweli nilinuna, tena sana. Lakini lile neno lako la mwisho lilinikaa kooni. Nikaenda bandani, nikaweka kiganja pale ulipopataja. Kijivu akalaza masikio, akajikunyata, ila hakuondoka. Huyu sijawahi kumgusa hata kwa fimbo, kumbe kila asubuhi namuumiza, na hadithi zangu juu! Nililia. Usimwambie fundi wa kwato.

Tangu siku hiyo sijampanda. Namkanda mwenyewe. Mara ya kwanza nilibonyeza kama nakanda unga, akanikanyaga kidole cha mguu, nikapata adabu. Sasa nimejua kwenda polepole, na anasimama mpaka anasinzia. Asubuhi tunatembea sambamba, mimi na mkongojo, yeye na uvivu wake. Mazungumzo ni yaleyale.

Hospitali wamenipiga picha. Nyonga imesagika, watanipasua tarehe kumi Mei. Nilimwuliza daktari kama nitapanda tena, akasema ni mapema kusema. Nikamshukuru, nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi muda mrefu bila kujua naelekea wapi.

Fundi wa kwato atamlisha Kijivu, hilo lisikutie shaka. Nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba usihangaike na safari, mashindano yenu yamekaribia, nitajimudu. Nimeufuta mstari huo. Naogopa, mwanangu. Njoo.

Baba yako