Mawe Yako Mawili Meusi

Mpendwa Baba,

Yale mawe yako mawili meusi, uliyokuwa ukiyaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, nimeyachanganya. Mimi, binti yako, mwalimu wa jiolojia. Najua ungecheka, kwa hiyo nakuambia mwenyewe.

Unakumbuka siku nilipokuletea mifuko ya sketi imejaa mawe? Tulikuwa tumerudi kutoka Bujumbura mwaka huohuo, nawe umepata kazi ya kuchimba gasegereti, jiwe linalotoa bati. Nilikuwa nimeokota kila jeusi nililoliona kando ya shimo, nikijua tumetajirika. Ukaweka moja kiganjani, ukalirusha juu kidogo, ukacheka hadi kofia ikaanguka.

"Mama, hii hapana gasegereti. Hii iko turumalini, iko nyepesi, haina bei. Kwanza pima na mkono, macho baadaye."

Kisha ukanipa la kwako, gasegereti yenyewe. Ukubwa ule ule, weusi ule ule, lakini mkono wangu ulishuka wenyewe. Kazi hii niliipenda siku ile.

Tangu shimo lilipokufunika, sijapanda ule mlima ulikochimba. Chuoni wakitaka nipeleke wanafunzi, nimesema barabara ni mbaya, nimesema mvua, nimesema basi hakuna. Mwaka huu nikapata sababu nzuri kuliko zote: safari ya kwenye kompyuta. Mwenzangu alikwenda na kamera inayopiga pande zote, akarudi na mlima mzima. Wanafunzi wanakaa darasani, wanabonyeza, wanaingia shimoni, wanageuza kila jiwe. Ni kitu kizuri, Baba, sikudanganyi. Divine, mwanafunzi wangu anayetembea kwa magongo, aliuona mshipa wa gasegereti ukutani mwa shimo kwa mara ya kwanza maishani. Aliurudia mara nne.

Picha za mawe yako nilizipiga mwenyewe, mezani kwangu hapa nyumbani Masaka, nikaandika majina chini yake. Kwa wiki tatu darasa likajifunza, likafanya jaribio, likafaulu. Nikawasifu.

Jumanne nikapanda pikipiki kwenda chuoni na kopo lako mapajani, nikitaka tu wayaone mawe yenyewe. Divine akashika moja, akashika la pili, akalirudia la kwanza.

"Mwalimu, samahani. Hii iko nzito sana. Lakini kwa kompyuta umeandika hii ni turumalini."

Nikayachukua. Mkono ukashuka wenyewe, kama zamani. Majina nilikuwa nimeyaandika kinyume, na darasa zima lilikuwa limefaulu kosa langu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Sasa kule mlimani tutaenda lini?" akauliza Divine.

Nikamwambia mlima ni mkali, magongo hayatafaa.

"Mimi nitabaki kwa mto, pale wanaosha mchanga. Nitapima ile mutaniletea. Wewe Mwalimu utapanda, si ndiyo?"

Hakujua alichoniuliza. Na mimi sikuwa tena na mvua wala barabara wala basi la kusingizia. Naogopa, Baba. Naogopa kufika pale nikute nyasi zimeota mlangoni mwa shimo lako na watu wengine wanachimba pembeni, wanataniana, kama vile hukuwahi kuwepo. Kwenye kompyuta ile sehemu huwa naipita haraka. Nabonyeza mbele kabla haijatulia.

Safari ya kompyuta itabaki. Majina nimeyarekebisha, na kuna wanafunzi wanaoihitaji kweli. Lakini Jumamosi tunaondoka kituo cha Remera asubuhi kwa basi dogo, fomu nimeshaisaini. Nitapanda mpaka mlangoni. Nitaokota jiwe jeusi la kwanza litakalokuwa karibu na mguu wangu, nitafumba macho, nitalipima. Likiwa turumalini, nitajua ungecheka, na nitalia, wanafunzi wataniona, basi. Kisha nitashuka nalo mtoni, nimpe Divine, nisimwambie ni nini.

Tuonane Jumamosi, Baba.

Ni mimi binti yako,
yule uliyemwita Mama.