Wiki ya Pikipiki Mbili

Jumatatu, 10 Januari 1994

Nimechemsha mikasi, nimepima wajawazito kumi na mmoja, nimefunga zahanati. Kisha nikaitoa ile pikipiki nyekundu tena. Siku ya tatu na bado sijaizoea. Silinda nne, injini yote wazi, hakuna plastiki ya kuificha. Ukibonyeza stata inaamka bila kelele. Nimeweka kikombe cha chai juu ya tangi, injini ikiunguruma. Chai haikumwagika. Mungu wangu, binadamu ameunda kitu hiki! Nilisimama mbele yake mdomo wazi kama mshamba.

Shemeji Yona, anayeziuza, ameniachia nyekundu na nyeusi nizijaribu mpaka Jumapili. Zote mbili ni mitumba ya Japani. Moja ibaki kwangu, nyingine ina mteja Nkuhungu. Kiinua mgongo changu chote cha serikalini kimeishia kwenye zahanati hii na pikipiki nitakayochagua. Nikikosea, sina nafasi ya pili. Na wajawazito wa Bahi hawana gari.

Jumanne, 11 Januari

Zamu ya nyeusi. Silinda mbili, nyembamba, madigadi yamekaa juu, mbali na tairi. Inawaka kwa kiki. Nimepiga saba, ya nane ikanirudi kwenye muundi. Inatetemesha mpaka meno. Nimefika nayo mashamba ya mpunga na kurudi, mikono imekufa ganzi. Sijaipenda.

Mama Ndahani, mkunga wa jadi ninayefanya naye kazi, amezizunguka zote mbili taratibu kama anayenunua ng'ombe mnadani. Amebonyeza viti. Ameinama kukagua tairi kama anakagua kwato.

"Hii nyekundu ya mahari, nesi. Hii nyeusi ya maziwa."

Nimecheka, lakini nimeudhika. Mimi nataka ya mahari.

Alhamisi, 13 Januari

Mvua kubwa jana jioni. Nimetoka na nyekundu. Udongo wa mbuga juu umekauka, chini uji. Hata mtoto wa hapa anajua. Mimi mtu wa Mbeya nikaamini macho. Tope likajaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu likagoma kuzunguka. Saa nzima nakwangua kwa kijiti, wachungaji wananitazama na ng'ombe wao. Aibu. Hasira. Injini yenyewe haikuzima, iliendelea kunguruma kwa upole uleule. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 14 Januari



Leah, mimba ya kwanza, uchungu tangu jana, njia haifunguki. Lori la mpunga lilishaondoka. Treni mpaka kesho. Hospitali iko Dodoma mjini. Nyekundu haitamtikisa, lakini itakwama. Nyeusi haitakwama, lakini itamtikisa. Nilisimama kati yao na funguo mbili mkononi. Niliogopa, sifichi. Nikachukua nyeusi.

Leah katikati, Mama Ndahani nyuma yake. Mama Ndahani akatufunga mimi na Leah kwa khanga, kama mtoto kwenye mbeleko. Tope likatufika vifundoni. Tukapita. Kila uchungu ulipokuja nilisimama. Sikuhitaji kuuliza. Tumbo lake lilikaza mgongoni mwangu, gumu kama ngozi ya ngoma, kisha likalegea. Miaka kumi na tisa nawapima kwa mikono, leo nimempima mtu kwa mgongo.

Tulipokaribia mji mtoto alinipiga teke. Juu kidogo ya kiuno, wazi kabisa. Nililia huku naendesha. Kumbe yu hai! Katikati ya mtikisiko wote ule, amebanwa na watu wazima watatu, na bado ana nguvu za kurusha mateke.

Madaktari wamempasua Leah saa tisa alasiri. Mtoto wa kike. Analia kwa sauti kubwa. Mama yake mzima.

Jumapili, 16 Januari

Nimetoka kanisani. Shemeji Yona amekuja kuchukua nyekundu. Nimemwambia nyeusi inabaki. Nimeifuta vumbi mwenyewe kabla hajaiwasha. Bado ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kupanda. Nimesikiliza mlio wake mpaka ukapotea upande wa reli.

Nyeusi iko uani. Sijaiosha.

Mchana kutwa nimelala kifudifudi. Mgongo wote unauma. Juu kidogo ya kiuno kuna mahali padogo pasipouma. Nimepawekea kiganja, nimetulia.