Mwizi wa Bendera Mtaani Kwetu

Jumatatu, 2 Oktoba

Tumeibiwa bendera! Mimi na Solvej tumefunga mgahawa saa moja jioni, tunatoka nje – mlingoti mtupu. Bendera yetu ya upinde wa mvua, ya sisi tunaopenda wa jinsia yetu, haipo. Kamba imefungwa vizuri tu, kila kitu mahali pake. Mlingoti wenyewe tuliurithi kwa chama cha mabaharia waliokuwa na nyumba hii kabla yetu, mweupe, mrefu kupita paa. Tangu Mei bendera imepepea pale usiku na mchana, na hapa Aalborg hakuna aliyeigusa. Halafu jana gazeti la mji linatoa picha yetu, bendera inapepea gizani chini ya taa, imependeza kweli – na leo imekwenda! Picha ndiyo imetuletea balaa.

Solvej anasema labda ni wanafunzi wanacheza. Mke wangu huyu, hata akiibiwa viatu, atasema mwizi alikuwa anasikia baridi ya miguu.

Jumatano, 4 Oktoba

Na ya akiba nayo! Asubuhi nimeipandisha, jioni hakuna kitu. Sasa nimekasirika. Nimempigia simu Tage, polisi anayeshughulika na kesi za chuki. Ni wetu pia, anaimba besi kwenye kwaya yetu ya Jumanne. Ameandika kila kitu kwenye kidaftari chake, uso mzito, akamaliza na vipande viwili vya keki. Anasema bendera moja ni utundu. Mbili ni uhalifu wa chuki, na mtu akipatikana atafika mahakamani.

Vizuri. Na afike!

Ijumaa, 6 Oktoba

Siku gani hii! Gazeti limetuweka ukurasa wa mbele, na kumbe mtaa mzima umesoma. Dagny wa duka la mikate ametundika bendera ya upinde dirishani, kinyozi naye, hata yule bwana wa ghorofa ya tatu ambaye kwa miaka sita ameshtaki kelele zetu. Nimehesabu madirisha kumi na saba. Dagny amenikumbatia hadi nikajaa unga. Amesema ana miaka sabini na moja, hajawahi kulala na mwanamke, na sasa anaanza kujiuliza alikuwa anangoja nini. Wateja wamecheka mpaka kahawa imemwagika.

Bendera ya tatu imepanda saa nne asubuhi, watu wanapiga makofi. Tage amefunga kamera ndogo juu ya mlango wa Dagny.

Saa moja jioni – imeibiwa. Ile ya mlingoti tu. Zile kumi na saba za madirishani hazikuguswa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Tumeitazama kamera, sote wanne tumebanana jikoni kwa Dagny. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili anatokea mtu, kofia, koti refu, mgongo kwetu. Anafungua kamba. Anaishusha bendera taratibu, anaikusanya kifuani isiguse lami. Anaikunja. Anaikunja! Anaitia kwenye mfuko, anaenda hadi mlangoni petu, anasimama. Dakika nzima. Kisha anaondoka.

Tage anasema pale mlangoni alikuwa anatupeleleza. Solvej ameuliza ni mwizi gani huyu mwenye adabu kuliko wateja wetu. Nimecheka pamoja nao. Sasa ni usiku wa manane na sipati usingizi, sijui kwa nini.

Jumatatu, 9 Oktoba

Ya nne. Tulinunua mbili safari hii, Solvej ameanza kujifunza.

Kamera inaonyesha saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne. Solvej ndiye aliyeona: Ijumaa ilikuwa arobaini na mbili, leo thelathini na nne. Amefungua simu yake, akatafuta, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni saa ya jua kuzama. Zote mbili. Kwa dakika.

Na leo nimeona kingine, ambacho Solvej hakukiona. Alipomaliza kufunga kamba, aliupiga mlingoti kwa kiganja mara mbili, polepole, kama mtu anayemuaga ng'ombe wake.

Ni baba.

Nimeandika. Basi. Ni baba! Miaka thelathini na minne alikuwa mwangalizi wa shule ya Nørresundby, ng'ambo ya maji, na kila jioni ya sikukuu nilisimama naye nikapokea pindo la bendera ya taifa, naye akimaliza anaupiga mlingoti hivyo hivyo. Bendera hailali nje. Jua likizama inashuka, la sivyo inapepea kwa heshima ya shetani, ndivyo alivyotuambia, na sisi watoto tuliacha kuogelea tukakimbia kuishusha, kwa kumwogopa huyo shetani. Nami nimeiacha yangu nje miezi mitano, chini ya taa, na kuiuza gazetini!

Nimecheka peke yangu chooni. Halafu nimelia, humohumo.

Jumanne, 10 Oktoba

Baada ya kwaya Tage ameniuliza kama yule mtu namjua. Nimesema simjui. Uongo mtupu, mbele ya polisi, na nota mkononi.

Ningesema nini? Baba hakuja harusini kwetu. Alituma kadi yenye jina lake tu, hata neno la heri hakuna, na tangu hapo hatujaonana. Miaka tisa, na daraja moja tu kati yetu. Sasa nikimtaja, gazeti litaandika kwamba mzee wa miaka sabini na tisa anaichukia bendera ya binti yake. Je, kama kweli anaichukia? Mtu anaweza kuikunja vizuri bendera anayoichukia. Baba anaweza.

Solvej nimemwambia. Amesema, "Ragna, yule mtu alisimama mlangoni kwetu dakika nzima."

Jumatano, 11 Oktoba

Nimevuka daraja kwa baiskeli. Taa ya jikoni kwake inawaka. Sikugonga.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mlingoti bado mtupu, nimesingizia upepo. Lakini wenye mtaa hawana subira. Dagny amechangisha, na leo jioni ameleta bendera mpya, kubwa, pana kama kitanda cha watu wawili. Inapanda kesho, lazima. Mwandishi wa gazeti anakuja kupiga picha. Tage naye ameng'amua habari ya jua kuzama, si mjinga. Kesho atajificha dukani kwa Dagny na kumkamata mwizi mkono kambani.

Solvej anasema niende kwa Tage usiku huu huu nimwambie. Najua. Lakini nikishamwambia, atampigia baba simu, na baba hatakanyaga tena mtaa huu mpaka afe. Ninachotaka – haya, niseme – nataka aje. Nataka baba yangu aje.

Ijumaa, 13 Oktoba

Saa moja na nusu. Naandika huku juu chumbani.

Saa kumi na mbili na robo nimetoka nje mwenyewe, nikasimama chini ya mlingoti. Ng'ambo Tage dirishani na mkate wa mdalasini, ananipungia niondoke. Sikuondoka. Baba amekuja saa kumi na mbili na ishirini na tatu. Mdogo wa mwili kuliko nilivyomkumbuka. Ameniona, akasimama hatua kumi hivi.

Nikafungua kamba, nikaanza kuishusha. Vibaya, kwa haraka, lile libendera la Dagny likaniangukia kichwani, na pindo likaelekea lami. Amekimbia! Miaka sabini na tisa! Amelidaka.

"Polepole," amesema. "Haikimbii popote."

Tukaikunja. Yeye anakuja kwangu na pembe zake, anarudi, anakuja tena, kama zamani. Tage amevuka barabara, makombo kifuani, akauliza kama sasa huyu bwana namjua.

"Ni baba yangu," nimesema. "Nilikudanganya Jumanne."

Tage akamtazama baba, akauliza, kwa sauti ya kazi, kwa nini alikuwa anachukua bendera ya watu. Baba akamjibu kana kwamba polisi huyu hakulelewa. Bendera hailali nje, bwana. Bendera yoyote. Kisha akafungua mfuko. Zote nne, zimefuliwa, zimepigwa pasi.

"Nilikuwa nazirudisha," alisema, akinyoosha pindo la ile ya juu ambalo halikuwa na kunjo lolote. "Kila nikifika mlangoni, nasikia watu wengi ndani. Wanacheka."

Tage amefunga kidaftari. Ameniambia uongo wangu tutauzungumza Jumanne, baada ya mazoezi.

Ndipo Solvej akafungua mlango, aproni kiunoni, akasema, "Ingia, baba, kahawa ipo." Baba amefuta viatu kwenye zulia la mlangoni muda mrefu sana. Kisha akaingia.

Mimi nikapanda huku juu, eti kuweka bendera kabatini. Nina furaha na nina hasira, zote mbili kwa pamoja. Hajasema neno kuhusu harusi. Hajamwita Solvej kwa jina. Kwa hiyo ni nini hasa, amekuja kwangu au kwenye mlingoti? Nikishuka nimuulize? Tage bado yuko chini, na Dagny, na mwandishi na kamera yake, hakuna anayeondoka.

Naisikia sauti ya baba kutoka chini. Anamuuliza Solvej kesho bendera inapanda saa ngapi. Solvej anasema hajui, tunapandisha tukikumbuka. Namjua baba, jibu hilo linamuuma. Saa mbili kamili, anasema, na kamba ile imezeeka, atakuja na mpya.

Sasa Solvej anamuuliza kama anaweka maziwa kwenye kahawa. Haweki. Nataka kupiga kelele kutoka huku juu: haweki, hajawahi maishani mwake, aliwahi kuirudisha kahawa ya mchungaji kwa sababu ya tone la maziwa!

"Ndiyo," namsikia. "Kidogo tu, mwanangu."

Tangu lini? Nashuka –