Daftari la Visima

Dada yangu,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu juzi kwenye simu nilisahau hata kukuamkia, nikakurupuka tu na maagizo kama bwana afya. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kile kifua kimetulia, na shemeji amerudi salama kutoka kazini kwake. Mtoto je, meno yametoka mangapi sasa? Na mpwa wangu mkubwa anaendeleaje na yale mafuta ya kuchua magoti? Mama mkwe wako mpe heshima zake. Mimi huku nipo. Chakula hakinipiti vizuri, lakini usijali, siumwi. Ni kinyaa tu, na ndicho kilichonikalisha kuandika.

Juzi nilikwambia jambo moja: uache siku hiyohiyo kunywa na kupikia maji ya kisima cha hapo nyumbani, na uji wa mtoto usipikwe kwa maji hayo hata mara moja. Ukasema sawa. Hukuniuliza kwa nini. Umeniamini kama ulivyoniamini tangu nikiwa mdogo, nami ulimi ukanishinda, nikakuaga haraka. Nilijua nikiyasema kwa mdomo nitayapunguza, nitajitetea kidogo hapa na kidogo pale. Kwa kalamu nitajaribu kuyanyoosha.

Unajua marehemu mama aliwatangazia watu kwamba mwanawe yuko chuo kikuu, mpaka jirani zetu wakaanza kuniita profesa. Nami nikaacha waniite. Ukweli ni kwamba hapa chuoni nina chumba kimoja cha chini kabisa, chini ya ngazi, chenye rafu za chuma na harufu ya mkojo wa panya. Kazi yangu ni kutunza data, yaani vile vipimo ambavyo watafiti wamekwenda kuvichukua: joto la udongo, idadi ya mbu, uzito wa samaki, damu za wagonjwa zilipopimwa zikasema nini. Mtafiti akimaliza, analeta madaftari na diski zake kwangu ili kesho mtu mwingine, wa fani nyingine kabisa, akihitaji avikute. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye kibao cha mlangoni.

Lakini dada, miaka tisa nimekaa mle na sijaona watu wenye mkono wa birika kama wasomi. Kila mmoja anaitamani data ya mwenzake na kuifungia ya kwake. Kuna wawili, mmoja wa wadudu na mmoja wa mazao, walikwenda kupima maji ya bwawa lilelile, mwezi uleule, wakalala nyumba ya wageni moja. Asubuhi wanasalimiana kwenye kifungua kinywa, halafu kila mtu anazunguka kwa njia yake ili mwenziwe asijue anakwenda wapi. Bwawa likapimwa mara mbili, na mpaka leo vipimo vyote viwili vimefungwa.

Mwaka huu ikatoka amri kwamba data zote zikabidhiwe na zifunguliwe, kila fani ione ya mwenzake, na tukapewa miezi mitatu. Ungeona vilivyoletwa! Mmoja alileta diski yenye nywila, yaani neno la siri la kuifungulia, nikamwomba nywila, akasema amesahau, na huku anacheka. Mwingine alileta jedwali la kurasa arobaini ambalo vichwa vya safu zake ni herufi tupu, A, B, C, na maana ya herufi hizo anaijua yeye peke yake. Wa samaki walileta sanduku la madaftari yaliyoshikana kwa unyevu, katikati yake mna kipande cha mkate kilichoota ukungu wa kijani na alama za meno ya mtu. Nilivua glovu nikatoka nje. Mtu alikula nusu ya mkate juu ya kazi ya miaka sita, akaufungia humo, akaandika juu kwa kalamu nene kwamba ni mali ya utafiti.

Kukaitishwa kikao. Hapo ndipo alipozungumza mzee mmoja wa mambo ya mawe na ardhi, sisi humwita Bwana Miamba. Ni mtu wa kucheka, anagawa pipi kwa wafagizi, na mimi binafsi alinipigania nikathibitishwa kazini, kwa hiyo nilikuwa nikimwona kama baba. Bwana Miamba alisema vipimo vyake amevifuata kwa miguu yake mwenyewe, amechomwa na jua, na haoni daktari wa meno atafanya nini na mawe, labda ayatafune. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikiandika kumbukumbu za kikao, nami nikacheka. Mwanamke mmoja mwembamba mstari wa mbele hakucheka. Ndiye huyo daktari wa meno, Mama Meno.

Baada ya kikao nikaanza kufungua masanduku, maana kila kilichomo sharti kiandikiwe maelezo ya kuwa kinahusu nini. Sanduku la Bwana Miamba lilikuwa kwenye rafu yangu miaka mingi, limezungushiwa gundi ya karatasi, limeandikwa lisiguswe bila ruhusa yake. Ndani mna mawe madogo kwenye mifuko na madaftari manane. La tano lilikuwa la visima. Alikuwa akitafuta aina fulani ya mwamba, na njia rahisi ya kujua mwamba uliolala chini ni kupima maji yanayotoka juu yake. Kwa hiyo alipima visima mia mbili, akavipa namba, na kando ya kila namba akachora ramani ndogo ili asipotee akirudi.

Kisima namba mia na kumi na moja kina mchoro wa ukuta wa shule, barabara inayokata kona, na tangi la saruji lililomeguka pembe. Chini yake ameandika kwamba mama wa nyumba ni mkarimu, amewapa maji ya kunawa na viti vya kukalia. Tarehe ni ya miaka kumi na minne iliyopita. Unawakumbuka wale wageni wenye nyundo ndogo viunoni? Uliniandikia wakati ule kwamba wamekuja watu wanaogonga mawe na kuyanusa.

Nikafuata mstari wa kisima hicho kwa kidole. Kuna madini yanaitwa floridi. Yakiwa kidogo kwenye maji hayana neno, ila yakizidi na mtoto akayanywa tangu angali anakua, meno huota na madoa ya kahawia na mifupa hukomaa vibaya, mingine inapinda. Maji yetu yalikuwa na floridi mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa. Safu nzima ya floridi imeandikwa kwa mwandiko mzuri, namba juu ya namba, na hakuna hata moja iliyopigiwa mstari. Haukuwa mwamba aliokuwa akiutafuta, basi akafunga daftari. Alinawa maji yako, akakaa kwenye kiti chako, akayapima, akajua yana nini, akaondoka. Nikainakili namba hiyo kwenye karatasi.

Nilipotoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Meno. Ana kachumba kenye kiti cha kung'olea meno na kabati limejaa mataya ya plasta yamepangwa kama viatu dukani. Nikampa ile namba. Hakushangaa. Alitoa albamu ya picha akanionyesha midomo ya watoto, mmoja baada ya mwingine, meno kama yamekula kutu. Alisema watoto hao wote ni wa upande wetu. Akaeleza kwamba aliwahi kuwaona miaka mitano iliyopita, akashuku maji, lakini kupima visima mia mbili peke yake asingeweza. Akasikia kwamba watu wa mawe walishavipima, akaandika barua kwenye hifadhi ya data kuomba vipimo hivyo. Aliomba kwa adabu, akataja hata majina ya shule. Akajibiwa kwamba havipo. Basi akabaki na midomo yake ya picha, akiwang'oa meno wanaoumwa.

Nikaanza kumlaani Bwana Miamba, na chuo, na wote. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Mama Meno alinisikiliza huku akifuta vyombo vyake, kisha akafungua faili, akaniwekea karatasi moja mezani. Alisema polepole, "Nilidhani umekuja kwa ajili ya hii."

Ilikuwa ile barua aliyojibiwa. Mistari miwili: tunasikitika kukujulisha kwamba hifadhi haina data inayohusu maombi yako, tunakutakia kazi njema.

Dada, sahihi ni yangu.

Naikumbuka siku hiyo, na afadhali nisingeikumbuka. Ombi lilifika alasiri. Nikalipandisha kwa Bwana Miamba kumwomba ruhusa, maana lilihusu sanduku lake. Alikuwa anamenya chungwa. Akasema hawa watu wa meno watamvurugia, bado hajaandika kitabu chake, niwajibu tu kwamba hatuna. Wala hakunitisha. Angenitisha ningekuwa na pa kujificha. Nilisema sawa mzee, kwa sababu alikuwa amenifaa, na kwa sababu kulikuwa na mechi nilitaka kuiwahi. Kuandika ule uongo hakukunichukua hata muda wa kuchemsha chai. Sanduku lilikuwa hatua tano kutoka kiti changu. Sikulifungua. Ningelifungua ningeona tangi letu lenye pembe iliyomeguka, na ningekupigia simu miaka mitano kabla ya juzi.

Miaka mitano iliyopita binti yako alikuwa na miaka sita. Likizo ile alishindana nami mbio kutoka getini mpaka jikoni, akanishinda, na sikumwachia, alinishinda kweli. Sasa ana kumi na moja, ana matege, anapanda ngazi za shule kwa kushika ukuta, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Nilipokuja mwaka juzi nikamwona anavyotembea, nilikwambia mbele ya mama mkwe wako kwamba lazima ulimsimamisha mapema, ndiyo maana. Yeye siku zote alikuwa akisema ni damu mbovu ya kwetu, nami badala ya kukutetea nikampa silaha nyingine. Ulikwenda kuniandalia maji ya kuoga. Nayo yalikuwa ya kisima hichohicho.

Nimeona watu wenye kinyaa na kitu wanakiacha, wanakwenda zao. Mimi ninacho na mikono yangu mwenyewe, na ndiyo ninayoandikia.

Sasa sikiliza yaliyo muhimu. Mtoto mdogo hajaathirika, Mama Meno ananihakikishia, mradi maji yale asiyaonje tena. Tumieni ya mvua, au ya bomba la kule shuleni, na usidanganywe na mtu kwamba ukiyachemsha yanaisha ubaya, kuyachemsha kunazidisha hiyo floridi. Kwa mkubwa, meno hayatarudi kuwa meupe yenyewe. Miguu haijulikani. Kwa kuwa bado anakua, kuna daktari wa mifupa ambaye ameshaandikiwa, atamwona. Sikuahidi zaidi ya hapo. Jumamosi ya wiki ijayo Mama Meno anakuja na chupa zake kupima kisima chenu na vya jirani. Gari nitaendesha mimi. Kama hutaki kuniona, nitabaki kule barabarani mpaka amalize.

Daftari la visima nimeshaliingiza lote, liko wazi, mtu yeyote wa fani yoyote anaweza kulisoma. Kwenye maelezo nimeandika maji, nikaandika watoto, meno, mifupa, na majina ya mitaa yote. Nakala nimezipeleka idara ya maji na kwa walimu wakuu. Na ile barua yangu ya mistari miwili nimeiweka kwenye faili hilohilo, ukurasa wa kwanza, na jina langu chini. Atakayefungua kutafuta visima ataanza kunikuta mimi. Bwana Miamba alinipigia akaniuliza kwa upole kwa nini namchafua uzeeni. Nikamwambia tumechafuka wote, akakata simu. Nimeitwa kujieleza kwa kufungua sanduku bila ruhusa ya mwenyewe. Hilo ndilo kosa walilonikuta nalo, dada. Lile jingine hakuna aliyeniuliza.

Nina ombi moja. Barua hii usiisome peke yako ukaificha sandukuni. Mwite shemeji na mama mkwe wako, uisome kwa sauti, na ukifika kwenye sahihi usinionee huruma ukapunguza mwendo. Wamekubebesha huo mzigo miaka mitano, na wewe hukuwa na kosa hata la punje. Hukumsimamisha mapema, na damu yetu haina ubovu. Wasikie kutoka kwangu kwamba ni maji, na kwamba aliyekuwa na habari za maji ni ndugu yako.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na jirani wanaochota kwenu uwaambie leo, wasisubiri Jumamosi. Binti yako naye atauliza, maana ana umri wa kuuliza. Mwambie ni mjomba. Salamu zangu usimpe mpaka uwe umeshamwambia, na akizikataa, usimlazimishe.

Ni mimi,
mdogo wako