Dakika Nane za Elia

Jumamosi, 1 Februari
Vumbi tena. Nimefungua kompyuta, nimepiga feni brashi, nimepuliza. Nikapandisha mwendo wa prosesa kutoka gigahezi 3.4 hadi 4.0 na kuipima tangu stima iliporudi asubuhi. Saa nzima haikuganda. Digrii sabini na moja. Nimejisikia fundi kweli. Mashine ya mtumba inakimbia kuliko ilivyoundwa, na kambi nzima ya Kakuma hakuna wa kumwambia. Kisha video ya harusi ya Kalobeyei mpaka jioni. Stima yetu ni ya sola, ya mchana tu.

Jumatatu, 3 Februari
Mama Elia amekuja kwenye studio yangu ya video kabla sijafagia. Jina lake limetoka kwenye orodha ya wakimbizi. Anahamia ng'ambo, basi la kwenda uwanja wa ndege ni Alhamisi asubuhi. Nimempongeza. Moyoni sikufurahi hata kidogo. Miaka sita tumekuwa majirani, yeye Mkongomani, mimi Mluhya niliyekuja huku kutafuta kazi. Alinifundisha kupika sombe, kisamvu cha kwao. Sitaki aende.

Ameomba kitu kimoja, video ya mazishi ya mwanawe. Elia alikufa kwa malaria miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka mitano. Mimi ndiye niliyepiga video. Mama yake hajawahi kuitazama. Amesema kaburi hawezi kulibeba.

Ni saa tatu za picha. Kwa mwendo wa kawaida, kuziunganisha ziwe faili moja safi ni siku nzima ya stima, na wingu likipita ni mbili. Mimi nataka siku moja. Na nataka apate kila kitu, nisikate hata sala moja. Nitaipandisha hadi 4.4.

Jumanne, 4 Februari
Nimekwenda mjini Lodwar kununua vifaa. Feni kubwa, na ile dawa nyeupe ya kupaka juu ya prosesa ipate kupoa. Duka la kwanza hawana, la pili wamefunga, la tatu wakaniambia ningoje. Nimengoja, nikapata. Nimefika nyumbani stima imeshaondoka.

Siku imekwisha na sijaunganisha hata dakika moja. Si neno. Kesho itakimbia.

Jumatano, 5 Februari
Saa moja asubuhi stima imerudi. Nikafunga feni, nikapaka dawa, nikaweka 4.4. Nikaipima kwa saa mbili. Digrii sabini na tano, imara kabisa. Nikatundika gunia bichi dirishani, vile tunavyopoza mtungi wa maji. Saa tatu nikaanza.

Ujinga wangu uko hapo. Niliipima asubuhi, mabati yakiwa bado baridi. Saa nane mchana chumba kilikuwa jiko. Gunia lilikauka kabla sijageuka. Digrii tisini na sita. Nilijua, nikaiacha. Kwa kuwa haikuganda, nilidhani imenisamehe.

Saa tisa ikamaliza. Nikafungua faili. Saa ya kwanza safi. Baada ya hapo vipande vya kijani, vinaruka ruka. Viko juu ya uso wa Elia, kabla sanduku halijafungwa. Nikarudisha nyuma. Bado vipo. Nikaangalia picha za asili kwenye diski, nzima zote, Mungu asifiwe. Nilichoharibu ni siku.

Zimebaki saa tatu za stima. Na kama ningekaa hapa jana na mwendo wa kawaida, leo ningekuwa namalizia. Nimelia. Kisha nikafunga mlango nikaenda kwake.

Nilimkuta anakunja nguo. Nikamweleza yote, mwendo, joto, Lodwar. Hakuacha kukunja. Nikamwambia stima iliyobaki inatosha kipande kidogo tu, anataka kipi.

“Uso wake mbele ya kufunga sanduku,” akasema. “Na pale nilitupa udongo. Zile zingine ni maneno ya wakubwa.”

Tangu Jumatatu sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nashindana na mashine, yeye alitaka kumwona mtoto wake.

Nikarudisha 3.4. Dakika nane za picha. Nikakaa mbele ya skrini kama mtu anayelinda maziwa yasichemke yakamwagika. Saa kumi na moja ikamaliza. Nimeitazama yote mara mbili. Safi.

Alhamisi, 6 Februari
Basi limeondoka saa mbili. Nilimpa flashi, akaifunga kwenye ncha ya kitenge pamoja na karatasi zake. Alinishika mkono.

“Fundi, kaburi usiliache na miiba.”

Sikufungua studio leo.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya kanisa nimekwenda makaburini na panga na fagio. Mathenge, ule mti wa miiba, imelala juu ya msalaba wa Elia. Nimeikata yote, miiba imenichoma kiganja. Nimefagia, nimepanga mawe upya.

Mama mmoja wa Kiturkana alipita na mbuzi wake. Ejok, akanisalimu kwa lugha yao, nikaitikia ejok. Akasimama akatazama kaburi, akauliza kama ni mtoto wangu.

Nikasema ndiyo.

Nimerudi, nimepiga feni brashi. Mwendo ni 3.4. Gunia nimelitandika mlangoni, watu wafutie miguu.