Shangazi wa Mchumba Wangu Anacheza Kapoera

Mpendwa Bi Ulfat,

Shikamoo. Naomba unisaidie haraka, kwani jambo langu lina furaha ndani yake na balaa ndani yake, na mie nshashindwa kujua nicheke au nilie, hata mama yangu akinikuta jikoni nacheka peke yangu machozi yananitoka namwambia vitunguu.

Naitwa Ummkulthum, nna miaka ishirini na saba, nakaa Mbweni, na asubuhi nasomesha darasa la pili katika skuli moja ya hapa mtaani, kisha jioni, katika ukumbi wa skuli hiyo hiyo, namsaidia Mwalimu Mahfoudh kufundisha kapoera. Kama huijui, Bi Ulfat, ni mchezo wa Kibrazili, nusu ngoma nusu vita: watu wanasimama duara wanaimba na kupiga makofi, mmoja anapiga upinde wa waya wenye kibuyu, na wawili wanaingia kati wakirushiana mateke ambayo yakienda sawa hayamgusi mtu. Nilianza kwa kuwasindikiza wasichana wa darasa langu ili wazee wao waridhike kuwa yupo mwanamke, nikakaa pembeni na mkoba wangu mapajani, baadaye mkoba nikauweka chini, baadaye na mie nikainuka, na siku niliyosimama kwa mikono kwa mara ya kwanza, suruali pana, hijabu imefungwa barabara, miguu juu, nikauona ukumbi mzima umegeuka, wallahi nilihisi kama nimezaliwa siku hiyo. Tangu hapo siachi. Jumamosi wanawake tuna saa yetu wenyewe, milango imefungwa, na mwalimu ni mie.

Sasa nna mchumba, Abdulwahid, mpishi wa hoteli moja kule Kendwa, mtu mpole, anayecheka kwa macho kabla ya mdomo, nampenda mpaka naona haya kuandika, na kwa sababu ya kazi yake huja nyumbani kwa nadra. Tulipoanza kuzungumza aliniuliza jioni nafanya nini, nikamwambia nafundisha watoto mazoezi, naye akasema, "Mashaallah, maana hesabu siku hizi zimekuwa ngumu," nami, Mungu anisamehe, sikumsahihisha.

Posa ilipokuja, shangazi yake, Bi Bashira, aliyemlea tangu mama yake afariki, akaamua kuja skuli kunitazama bila ya kuniarifu, na kanikuta katikati ya duara, kichwa chini. Nikaona viatu, nikaona buibui, nikaona uso, nikamtambua, na badala ya kushuka ulimi ukajitokea wenyewe: "Shikamoo!"

"Marahaba," akasema, akageuka akaenda zake.

Nikajua posa imekufa. Lakini Jumamosi iliyofuata mlango wa ukumbi ukagongwa, kufungua, ni Bi Bashira, na alipovua buibui chini yake kavaa pajama la marehemu mumewe.

"Mwanangu," akaniambia, "tangu mume wangu afariki watu hawana neno jengine kwangu ila kaa, Bi Bashira, kaa upumzike. Nshakaa mpaka nimechoka kukaa. Nionyeshe ulivyokuwa ukifanya."

Bi Ulfat, mwanamke keshapita hamsini, mnene kunishinda mie mara mbili, na ana kipaji! Mdundo ukianza anayumba kushoto na kulia kama mtu aliyezaliwa nao, anarusha teke huku anataja jina la Mungu, na akianguka anacheka mpaka sote tunakaa chini. Kaniapisha jambo moja tu, nisimwambie Abdulwahid. "Akijua ataniweka kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya wageni." Nikaapa, kwani nani angemkatalia? Nimepata mkwe na nimepata shoga, kwa mpigo mmoja.

Balaa ni kwamba Abdulwahid kaja likizo, kamkuta shangazi yake anachechemea, ana alama nyeusi mkononi, ananuka dawa ya kuchua, na akishakula anainuka mkekani kwa kushika ukuta, akimuuliza anajibiwa, "Uzee tu, baba." Mbaya zaidi, kamsikia jikoni anaimba kwa lugha isiyojulikana huku akipiga makofi peke yake, nazo ni nyimbo zetu za Kireno! Basi kaleta sheikh kumsomea, na Bi Bashira kakaa kimya kasomewa mpaka mwisho, halafu kaniambia kile kisomo kilimfaa sana goti. Mie nilicheka. Lakini sasa Abdulwahid kakata tiketi za boti ya Alkhamis ampeleke Dar es Salaam kupimwa, na juzi kanipigia simu, sauti imemkauka.

"Ummkulthum, harusi tuiahirishe. Yule ndiye mama yangu. Siwezi kuvaa kanzu ya harusi huku namuona anakwisha."

Nikasema "Sawa," nikakata simu, nikalia, nikamkumbuka Bi Bashira kwenye pajama nikacheka, nikalia tena. Nikisema, navunja kiapo na mtu mzima ataadhirika, na Abdulwahid atajua nimemficha tangu mwanzo, pengine asitake mke anayesimama kichwa chini. Nikinyamaza, harusi hakuna. Au niache kapoera kimya kimya, nimuombe na Bi Bashira aache, mambo yapoe? Nifanyeje, mama yangu?

Ummkulthum, Mbweni


Ummkulthum mwanangu, marahaba.

Nimecheka mpaka mhariri kaja kuniuliza kulikoni. Sasa nimemaliza, kaa vizuri nikuseme.

Mtu anakupigia simu sauti imemkauka kwa khofu, dawa ya khofu yake unayo mdomoni, nawe unasema "Sawa"? Sawa ya nini? Kucheza hukukosea. Umejisitiri, milango mmefunga, na watoto wa watu umewasimamia vizuri, kwa hilo mkono wangu uko juu ya kichwa chako. Ulipokosea ni kumwacha kijana wa watu amlilie mtu mwenye afya kuliko yeye. Na Bi Bashira, kwa heshima zote, naye ana lake. Mtoto aliyemlea anafikiri anafiwa na mama kwa mara ya pili, na yeye anaficha goti!

Wasomaji wajue kwamba barua hii ilinifika Jumatatu, boti ilikuwa Alkhamis, na gazeti letu hutoka Jumapili. Sikuweza kungoja. Nilimpigia simu Ummkulthum, na yaliyofuata nayaeleza kwa ruhusa yao wote watatu.

Nilikwambia hivi, mwanangu: nenda kwanza kwa Bi Bashira, kwa sababu kiapo ni chake na yeye ndiye wa kukufungulia. Usimlaumu. Mwambie tu maneno aliyokwambia Abdulwahid, neno kwa neno. Kisha nendeni nyote wawili kwake, na msianze kwa samahani, anzeni kwa kumwambia kuwa shangazi yake mzima. Siri yako uitoe mwenyewe kwa mdomo wako, na usithubutu kuahidi kuacha kapoera ili usamehewe, maana mke atakayemuoa ni yule yule anayesimama kwa mikono.

Ukaenda. Bi Bashira aliposikia "yule ndiye mama yangu" alichukua buibui lake akatangulia mbele, wewe ukimkimbilia nyuma. Mlimkuta Abdulwahid katika nyumba yake ya mtaa wa pili, anapanga nguo za safari.

"Abdulwahid," akasema, "mie mzima. Nnacheza."

"Unacheza nini, shangazi?"

Jina likampotea. Kwa hiyo akamuonyesha. Akapiga samasoti ya pembeni pale pale ukumbini kwake, miguu ikapita juu ya sanduku na kuangusha chupa ya chai, akasimama, akatengeneza mtandio wake.

Abdulwahid alimtazama, akakutazama wewe, nawe ukayatoa yote. Akafoka: "Silali! Siku zote hizi silali! Nyote wawili mnajua, na mimi nawaletea masheikh?" Akakaa juu ya nguo zake akalia, kwa hasira au kwa kushukuru, hakuna aliyejua, kisha akatoka bila ya kuaga. Ukanipigia simu: "Bi Ulfat, kashaondoka." Nikakwambia muache. Mtu aliyebeba khofu muda wote huo ana haki ya kukasirika inapoondoka. Wewe nenda kwenye kazi yako, na Jumamosi fungua darasa lako kama kawaida.

Jumamosi mlango ukagongwa. Ulipoufungua kidogo ulimuona Abdulwahid, kabeba kichwani godoro la kitanda chake. Kwa kuwa ni saa ya wanawake hakuingia. Alilisukuma ndani, macho chini, na sauti yake mkaisikia nyote kutoka nje.

"Shangazi, ukianguka, anguka hapa. Na wewe Ummkulthum. Harusi iko pale pale."

Nimeambiwa vigelegele vilisikika mpaka barabara kuu.

Usilewe, mwanangu, bado una kazi. Kaeni leo, wewe naye, mwambie na mengine yote uliyoyanyamazia, hata kama unayaona madogo, ili mnapoingia katika ndoa asiwe na la kugundua kwa jirani. Bi Bashira aonwe na daktari wa hapa hapa kabla ya kurusha teke jengine, na hilo siombi, naamrisha. Wewe ukiwa mwalimu wake umpashe mwili joto kwanza, umzuie akizidi, hata akikununia. Tarehe ya harusi itajeni wiki hii hii. Na siku yenyewe, wewe na shangazi yenu, miguu chini mpaka wageni washakula.

Bi Ulfat