Antena Isiyohitaji wa Kuizungusha

Wanangu,

Nimetoka kutafuta bomba la kusimamishia antena. Chakula kipo jikoni, kipasheni moto.

Asubuhi nimeishusha ile kubwa. Satelaiti ikipita, lazima mtu aielekezee antena kwa mkono mpaka izame upeoni. Mimi niliongea na wenzangu redioni kupitia satelaiti hiyo, mama yenu akiizungusha antena, miaka yote. Tangu tumzike nimejaribu peke yangu, nikashindwa. Sasa nafunga ndogo, ya kusimama tu. Itasikia satelaiti ikiwa juu kabisa, basi, lakini haihitaji mtu.

~~Kubwa mpeni jirani.~~ Hapana, iacheni ukutani. Mpini una kitambaa alichofunga mama yenu usimchubue.

Wenzangu wa hewani bado wananiambia, “Msalimie shemeji.” Huwa naitikia, “Zimefika.” Leo nitawaambia ukweli.

Baba